Dripu kuwa safi haimaanishi dawa bado imo

Wiki hii tena sista mmoja ameniambia, "Daktari, si hii meropenemu (antibiotiki ya dripu) bado iko safi kama maji, haina hata punje, mbona unataka niimwage?" Sasa wacha niandike mara moja, nikiulizwa tena natuma linki.

Macho hayapimi dawa iliyokaa ikishachanganywa. Meropenemu, ampisilini, penisilini, hizi antibiotiki za kundi la beta-laktamu zinakufa kimya kimya, maji yanafungua ile pete ya molekuli yake inayoua bakteria na ikishafunguka bakteria hana habari nayo. Hakuna kitu kinaganda. Ukiona punje hio ni kesi nyingine, kama seftriaksoni, antibiotiki nyingine, imekutana na dripu ya Ringer yenye kalsiamu (kwa mtoto mchanga usiwaze hata kidogo). Na seftriaksoni hio hio iko na umanjano tangu mwanzo na inakaa kwa salaini (maji ya chumvi) siku nzima bila shida.

Kinachoniudhi kabisa ni kuchanganya dawa kwa dekstrozi, dripu ya sukari. "Mgonjwa hajala, tumchanganyie humo apate nguvu." Jameni! Sukari yenyewe inaisaidia ampisilini kuvunjika, yaani umenunua barafu ya samaki Dunga ukaitembeza na miguu hadi Kondele. Mgonjwa akihitaji sukari mpe kwa laini yake. Meropenemu nayo, maelezo rasmi ya dawa ya Uingereza yanakupa muda wa saa 3 tangu uichanganye kwa salaini, kwa dekstrozi unaambiwa itumie papo hapo.

Na hizo saa 3 ni kwa nyuzi zisizozidi 25. Nionyeshe nyuzi 25 kwa wodi ya mabati Kisumu saa nane mchana mwezi wa pili, kitanda cha dirishani, feni imekufa na stima imepotea. Joto likipanda dawa inavunjika haraka zaidi, basi. Halafu piga hesabu: tunataka meropenemu iingie polepole kwa saa 3, umechanganya saa nane, ukaitwa kwa mgonjwa mwingine, umetundika saa tisa, inaisha saa kumi na mbili, hapo tayari ni saa 4. Saa inaanza kuhesabu ukishaweka maji kwa unga, si ukishafungua kiroli cha mpira wa dripu. Na mkiikoleza sana kwa maji kidogo, inavunjika haraka zaidi, ingawa naelewa mnaogopa kumjaza mtu maji.

Lakini niseme ukweli, ule mstari wa "asilimia 90 imebaki", unaotumika kusema dawa bado inafaa, ni makubaliano tu, hakuna mgonjwa anayepona kwa 91 akafa kwa 89. Hata faida ya kuipeleka dawa mfululizo, bila kukatika, badala ya dozi za vipindi bado tunabishania. Utafiti wa BLING III wa 2024, wagonjwa zaidi ya 7,000 wa ICU (wodi ya mahututi), vifo vya siku 90 vilikuwa asilimia 24.9 kwa mfululizo na 26.8 kwa vipindi, na kitakwimu tofauti hio haikutosha. Mimi bado naipenda kwa mgonjwa mahututi, ila dawa iwe hai, sio maji ya chumvi tu. Piperasilini-tazobaktamu, ya kundi hilo hilo, inavumilia saa 4 vizuri zaidi, anzieni hapo kama iko stoo.

Ah, na ile dawa inayobaki kwa mpira wa dripu. Dripu ya mililita 100, zikibaki 20 kwa mpira umetupa sehemu moja kwa tano ya dozi, na mnatoa tu mnaenda. Sukuma na salaini kwa mwendo ule ule mpaka mpira uishe, ndio ufunge.