Pilato hakuwa prokonsuli

Kila Pasaka ikikaribia, hakosi mtu wa kutuambia kwamba Pilato, liwali aliyemhukumu Yesu, alikuwa prokonsuli. Mwaka huu nimeshalisikia mara tatu, na huyo wa tatu alikuwa anafundisha.

Liwali wa Kirumi ni mtu aliyetumwa kusimamia jimbo: aamue kesi kubwa, alinde amani, ahakikishe kodi inafika. Basi. Ugumu upo kwenye vyeo.

Mwaka 27 KK Kaisari Augusto aligawana majimbo na Seneti. Yaliyotulia, kama Asia na Afrika (yaani Tunisia ya leo na jirani zake), yalibaki kwa Seneti, na mkuu wake ndiye prokonsuli, kwa kawaida wa mwaka mmoja. Yenye majeshi makubwa, kama Siria, Kaisari aliyashika mwenyewe na kupeleka legati wake, yaani mjumbe wa kumtawalia. Halafu kuna vijimbo kama Uyahudi, vilivyopewa prefekti, mtu wa tabaka la wapandafarasi, chini ya maseneta. Huko ndiko aliko Pilato. Jiwe lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961 linamwita prefekti waziwazi. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus naye alimwita prokuratori, cheo kilichoshika baadaye, zama za Kaisari Klaudio, kwa hiyo kuteleza hakukuanza na sisi.

Prokonsuli maana yake ni "badala ya konsuli", na konsuli ndiye aliyekuwa afisa wa juu kabisa Roma. Ni cheo cha maseneta, na Pilato hakuwa seneta.

Nadhani mkorogo wetu umetoka kwenye Biblia. Kwa Kigiriki, Luka anamwita Sergio Paulo wa Kipro, na Galio wa Akaya, *anthypatos*, ndiye prokonsuli hasa. Kwa Pilato anatumia neno la jumla la mtawala. Kiswahili kikawaita wote liwali. Siwalaumu watafsiri. Neno lilikuwepo pwani, kutoka *al-wali* la Kiarabu, tukalimeza pamoja na kiambishi chake, na watu wa Mombasa na Lamu walimjua liwali: mtu wa sultani, aliyetumwa, asiyepigiwa kura. Ni afadhali kuliko "gavana", ambaye Wakenya wanamchagua wenyewe. Tena asili ya gavana ni *gubernator* la Kilatini, na kwa Mrumi huyo alikuwa mshika usukani wa meli.

Kwa hiyo mwiteni Pilato liwali, hamjakosea. Anayetaka kuwa sahihi zaidi aseme prefekti. Prokonsuli tumwachie Galio.