Je, wajua kwa nini amri ya jenerali wa majeshi ya muungano inaweza kugomewa?

Juni 1999, vikosi vya NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, vilipokuwa vikiingia Kosovo, wanajeshi wa Urusi wapatao 200 waliwatangulia na kukalia uwanja wa ndege wa Pristina. Jenerali Wesley Clark wa Marekani, kamanda mkuu wa NATO barani Ulaya, alitaka njia ya kurukia ndege izibwe ili Warusi wasiongezewe nguvu. Luteni Jenerali Mike Jackson wa Uingereza, aliyeongoza vikosi vya ardhini chini yake, alikataa. Alimwambia wazi kwamba hataanzisha Vita vya Tatu vya Dunia kwa ajili yake. London ikamuunga mkono Jackson, na amri ikafia hapo hapo.

Katika jeshi la nchi moja, ubishi wa namna hiyo humpeleka mtu mahakama ya kijeshi. Katika muungano mambo ni mengine, kwa sababu askari huwa ni wa kuazima. Nchi inapotoa kikosi humkabidhi kamanda wa muungano sehemu tu ya mamlaka: awatumie katika eneo fulani, kwa kazi iliyokubaliwa. Nidhamu, vyeo na uamuzi wa kuwarudisha nyumbani hubaki kwa serikali yao. Ndiyo maana kila kikosi huwa na ofisa mwandamizi ambaye, akitilia shaka amri, huwasiliana na mji mkuu wake kwanza. Wanajeshi wa NATO humwita mwenye kadi nyekundu.

Kadi hiyo ina umri mkubwa kuliko NATO yenyewe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Ufaransa na Uingereza zilipigana bega kwa bega kwa zaidi ya miaka mitatu bila kamanda mmoja. Shambulio kubwa la Wajerumani la Machi 1918 ndilo lililozilazimisha kumkubali Jenerali Ferdinand Foch wa Ufaransa awe mratibu wa wote. Lakini makubaliano ya Beauvais ya Aprili 3 yaliacha mlango wazi: kila mkuu wa jeshi aliruhusiwa kukata rufaa kwa serikali yake akiona amri ya Foch inalihatarisha jeshi lake.

Katika vita vya NATO nchini Afghanistan masharti haya yalizidi. Nchi nyingine zilikataza askari wao wasitoke nje ya mkoa waliopangiwa, nyingine zikaweka mipaka kwa doria za usiku. Jeshi linaloonekana kubwa kwenye karatasi likawa dogo kila risasi zilipolia kusini.

Je, na utamaduni? Upo, na unaua. Aprili 1951, kwenye mto Imjin nchini Korea, brigedi ya Uingereza ilishambuliwa na Wachina wengi mno. Inasimuliwa kwamba Brigedia Tom Brodie alimwarifu mkubwa wake Mmarekani kuwa hali ni ngumu kidogo. Mwingereza mwenzake angeelewa kuwa wanaangamia. Mmarekani akaona bado wanamudu. Batalioni ya Gloucestershire ilizingirwa, na mamia ya askari wake wakatekwa. Na wote wawili walizungumza Kiingereza!

Tofauti nyingine haisikiki kabisa. Kwa desturi ya Kijerumani, ofisa huambiwa lengo, kisha hujichagulia njia. Yapo majeshi ambamo kuamua bila kuagizwa ni utovu wa nidhamu. Wakae bega kwa bega, mmoja atamwona mwenzake mzembe, naye ataonekana mkaidi.

Hata hivyo, naona utamaduni husingiziwa mengi. Mogadishu mwaka 1993, Waitaliano katika kikosi cha Umoja wa Mataifa walilaumiwa kwa kujadiliana na wapiganaji wa Aidid, mbabe wa kivita wa Somalia, wakati wenzao wanamsaka. Umoja wa Mataifa ulitaka kamanda wao, Jenerali Bruno Loi, aondolewe, Roma ikakataa. Hilo halikuwa suala la hulka ya Kiitaliano. Italia, mtawala wa zamani wa eneo hilo, ilikuwa na mkakati wake, na jenerali aliufuata.

Mashariki ya Kongo inalionyesha jambo hilo vizuri zaidi. Mwaka 2013 Baraza la Usalama, kwa azimio 2098, liliunda kikosi cha kujibu mashambulizi chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Nchi hizo tatu zina desturi tofauti za kijeshi, lakini zote zilikubali kazi moja, kupigana, na hadi Novemba kundi la waasi la M23 lilikuwa limeshindwa, jeshi la Kongo likiwa mstari wa mbele. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliwasili huko mwaka 2022, maofisa wake wengi wakielewana kwa Kiswahili. Serikali ya Kongo mjini Kinshasa ilitarajia kiwapige waasi wa M23, waliokuwa wameibuka tena. Kikosi kiliona kazi yake ni kusimamia waondoke kwenye maeneo waliyoyateka. Desemba 2023 kikafungasha virago, baada ya Kongo kukataa kukiongezea muda.