Kijiji na dirisha la methadoni

Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatuliza walionaswa na heroini, ina dirisha. Mgonjwa anafika asubuhi, anajitambulisha, anapewa kikombe kidogo chenye dawa ya maji, anakunywa mbele ya mhudumu, anatamka neno moja au mawili ili ionekane amemeza, basi. Haichukui hata dakika tano. Kesho anarudi, keshokutwa anarudi. Jumapili anarudi, Idi anarudi, na siku ya kumzika mjomba wake pia anarudi, kabla au baada ya mazishi.

Nimeanza na dirisha kwa sababu wanakijiji wakiniuliza habari za unga, yaani heroini, huwa wanauliza dawa: ipo? Inaponya? Ni bei gani? Ipo, na hutolewa bure. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha huduma ikatoka nje ya Dar es Salaam ikafika Itega kule Dodoma, Mwanza, Mbeya, Tanga na kwingineko. Zanzibar walianza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Wakenya walianza Mathari Desemba 2014, Malindi ikafuata. Swali la kijijini ni jingine: nani atamfikisha huyu kijana dirishani kila siku ya Mungu?

Tupige hesabu. Kutoka Pangani mpaka Tanga mjini ni kama kilomita 50. Mtu wa Pangani anayekunywa dawa Tanga anasafiri kilomita 100 kwa siku, kwa ajili ya kikombe kimoja. Ukiongeza pikipiki ya kutoka kitongojini hadi barabara kuu, na asubuhi nzima iliyopotea wakati wenzake wako shamba au baharini, utaelewa kwa nini wengi huanza vizuri, wakaendelea wiki tatu, kisha wakapotea. Tukiwasikia wenzetu wakisema "hawa hawana nia", mimi huwa nauliza nauli ilikuwa shilingi ngapi.

Wapo wanaodhani unga ni ugonjwa wa mjini, wa vijiwe vya Dar es Salaam na Mombasa. Lakini heroini inayoingia kwetu kwa bahari hupakiwa kwenye majahazi huko pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, na haishuki bandarini penye forodha. Jahazi hutia nanga mbali, boti ndogo hufuata mzigo na kuushusha kwenye fukwe zisizo na taa, ambazo ni fukwe za vijiji. Kila njia ya magendo huacha makombo. Hata bara hakuko salama: Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipotangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, mzigo ule ulipatikana Dar es Salaam na Iringa. Iringa haina bahari.

Njia ya pili ya unga kufika kijijini tunaijenga wenyewe, kwa nia njema. Kijana ameharibikiwa mjini, ameuza simu, ameuza mitungi ya gesi ya dada yake, familia imekaa kikao na kuamua: arudishwe kwa bibi. Huko hakuna vijiwe, hakuna pusha wa kumuuzia, atalima, atatulia. Anashuka kwenye basi akiwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga. Kwa siku tano mpaka wiki anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, halali, makamasi na machozi yanamtiririka. Bibi anampa uji na maombi. Kisha inapita. Anaanza kula, mashavu yanarudi, anasindikiza ng'ombe, na simu inapigwa mjini kwamba mtoto amepona.

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole. Arosto kuisha si kupona. Mwili umesahau unga, lakini ubongo haujausahau. Kadiri mtu alivyotumia, mwili ulizoea, akawa anahimili kiasi ambacho kingeniua mimi na wewe. Akikaa wiki chache bila kutumia, ule uzoefu unaondoka. Miezi mitatu baadaye anakwenda mjini kwenye harusi, anakutana na wenzake, ananunua kete zilezile za zamani kwa kipimo kilekile cha zamani, na kipimo hicho sasa kinamzimisha pumzi. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka gerezani, na kwa anayetoka soba haus, nyumba ya kuachia unga, baada ya miezi kadhaa. Wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo zenye vifo vingi, na hili limeonekana nchi baada ya nchi. Kumfungia ndani, au kumfunga kamba kama nilivyokuta mahali fulani, humpeleka palepale, ila akiwa na makovu mikononi.

Methadoni ni ya jamii moja na heroini, na sifichi hilo. Mzee mmoja msikitini aliniambia, "Daktari, mnamtoa kwenye chupa hii mnamtia kwenye chupa ile." Nilimwambia tofauti iko kwenye saa. Heroini inampandisha na kumshusha, na baada ya saa chache anatafuta kete nyingine, kwa hiyo siku yake nzima ni ya kutafuta. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, haimpandishi wala kumwangusha. Akishapata kiwango chake anaweza kushona, kuvua, kubeba mtoto, kusikiliza khutba mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Mzee hakukubaliana nami moja kwa moja, ila mwezi uliofuata alimleta mpwa wake.

Kiwango hakipatikani siku ya kwanza. Dozi huanza ndogo na kupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuipandisha haraka kunaweza kuua. Katika wiki hizo kijana bado ataonja arosto jioni, na familia itasema dawa haifanyi kazi. Wengi hukatishwa tamaa hapo, na mara nyingi kinachohitajika ni kuambiwa mapema tu.

Sasa kazi ya kijiji. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kitongoji ambacho ajenda yake iliandikwa "wezi wa mihogo". Ilichukua kama saa nzima mpaka mama mmoja aliposimama na kusema wezi wa mihogo ni wanetu, na tunajua wanapokwenda kuiuza, na tunajua wananunua nini. Kimya. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuwaita mgambo. Kilichoamuliwa siku ile hakikuwa kikubwa: kikundi cha kuweka na kukopa kilitenga sehemu ya mfuko wa jamii kwa nauli ya vijana wawili kwa mwezi wa kwanza, na dereva bodaboda mmoja, ambaye alikwenda barabara kuu kila alfajiri kupeleka samaki, akakubali kuwabeba kwa pesa ya mafuta. Hakuna mradi wala bango. Nimeona miradi yenye mabango ikifanya chini ya hapo.

Mwelimishaji rika, yaani aliyekuwa teja na sasa anakunywa dawa yake, ana nafasi ambayo mimi na shahada zangu sina. Ndiye anayejua vichaka wanakojificha, ndiye wanayemwamini. Kliniki zetu kwa kawaida hupokea watu kupitia asasi zinazowafuata vijiweni, hivyo kijiji kisicho na mtu wa namna hiyo huwa kimefungiwa mlango kabla ya safari. Mkipata mmoja, msimpe kazi ya kuripoti majina kwa mgambo. Mkifanya hivyo mara moja, hatawaletea mtu tena.

Hata nchi tajiri zimejikwaa kwenye umbali na aibu. Kuna mji mdogo wa mashambani uitwao Austin, jimbo la Indiana, Marekani, wenye watu kama 4,000. Kati ya mwisho wa 2014 na Novemba 2015, watu 181 waligundulika na VVU katika wilaya ambayo awali haikuzoea kuona hata wagonjwa watano wapya kwa mwaka. Walikuwa wakisaga vidonge vya maumivu, wakijidunga na kuazimana sindano. Sheria ya jimbo ilikataza kugawa sindano safi. Gavana alitangaza dharura Machi 2015, sindano zikaruhusiwa, na huduma zikasogezwa mahali pamoja: kipimo, dawa za VVU, bima, hata vitambulisho. Maambukizi mapya yakashuka. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoingia, serikali yao ikaruhusu mgonjwa wa methadoni aliyetulia kupewa dozi za mpaka siku 28 akanywe nyumbani, jambo ambalo wataalamu wengi walikuwa wakiliogopa kwa miaka. Kumbe dirisha linaweza kusogea. Kwetu pia mjadala huo unapaswa kusikika wilayani, na anayeweza kuuanzisha ni diwani mwenye wapiga kura wanaolipa nauli.

Gongo nayo, kwa kuwa vijijini ndiyo iliyotangulia. Marufuku ya viroba Machi 2017 iliondoa vifuko madukani, haikuondoa kiu. Neno moja ambalo familia hazilijui: arosto ya unga humtesa mtu lakini ni nadra kumuua, ilhali mlevi wa kila siku wa pombe akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege, kuweweseka na kufa. Mtu anayetetemeka mikono asubuhi mpaka anywe asilazimishwe kuacha nyumbani. Apelekwe kituo cha afya, aachishwe kwa dawa.

Na ukimkuta mtu amezidiwa na unga? Anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi ni chache, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mwite kwa nguvu, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Kama hapumui vizuri, inua kidevu chake, mzibe pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano, huku mwingine akitafuta usafiri. Akianza kupumua mlaze ubavu. Usimpe maziwa, usimmwagie maji, usimdunge maji ya chumvi. Yote haya nimeyakuta yakifanywa, na kila mara ni muda uliopotea. Kituoni iko dawa iitwayo naloksoni inayoondoa nguvu ya unga kwa dakika chache, lakini yenyewe huisha mapema kuliko unga, hivyo aliyezinduka asiachwe aondoke. Anaweza kuzima tena baada ya saa moja. Ulizeni zahanati yenu kama wanayo. Swali hilo likiulizwa na kamati ya afya ya kijiji huwa na uzito kuliko likiulizwa na mtu mmoja mlangoni.

Jambo jingine la kuuliza ni kifua kikuu. Rifampisini, mojawapo ya dawa zake, hupunguza sana nguvu ya methadoni mwilini. Kijana aliyetulia mwaka mzima anaanzishiwa dawa za TB zahanati ya kijijini, ambako hakusema anakunywa methadoni kwa sababu ya aibu, na baada ya wiki moja mbili arosto imerudi. Nyumbani wanadhani ameanza tena. Baada ya muda anaanza kweli. Dozi ingeongezwa kliniki, yasingetokea. Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi, zina tabia hiyohiyo.

Mwisho kuna msimu. Watu wetu huhama: mavuno, dago (kambi ya wavuvi), kukata mkonge. Mgonjwa akikosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi, kwa kawaida hairuhusiwi kumrudishia kipimo kilekile mpaka apimwe upya, na wengine huona haya kurudi, wakadhani wamefukuzwa. Hawajafukuzwa. Lakini ni rahisi zaidi kama kliniki ingejua kabla. Anayekwenda dago mwezi ujao aseme sasa, wiki hii, dirishani, ili itafutwe kliniki ya karibu na huko na aandikiwe barua yenye kipimo chake. Akiona haya kusema, aende na yule wa bodaboda.