Magari Madogo ya Zamani na Warithi Wake Wakubwa: Dhana Potofu na Ukweli

Mini iliyozinduliwa Uingereza tarehe 26 Agosti 1959 ilikuwa na urefu wa mita 3.05 na upana wa mita 1.41. Countryman iliyozinduliwa mwaka 2023 chini ya jina hilohilo inavuka mita 4.4 kwa urefu na mita 1.8 kwa upana, kiasi kwamba magari hayo mawili yakisimamishwa ubavu kwa ubavu, lile la zamani linafichika lote nyuma ya jipya. Tofauti hii imezua mabishano marefu miongoni mwa wapenda magari. Wapo wanaolalamika kwamba viwanda vimesahau kutengeneza gari dogo, na wapo wanaojibu kwamba magari yamekua kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Kila upande una hoja, ila kila upande pia umebeba dhana ambazo hazisimami zikishapimwa kwa vipimo na tarehe.

Dhana: Mini ya leo ni ile ya zamani iliyonenepa mwaka hadi mwaka

Mini ya awali haikunenepa. Iliendelea kutengenezwa hadi Oktoba 2000, zaidi ya magari milioni 5.3 yakiwa yametoka kiwandani, na katika miaka yote 41 urefu wake ulibaki karibu uleule. Kampuni ya Ujerumani ya BMW iliinunua Rover, iliyokuwa ikimiliki jina hilo, mwaka 1994. Ilipoiachia Rover mwaka 2000 ililibakiza jina la Mini mkononi mwake, na mwaka uliofuata ikaleta gari jipya kabisa lililochorwa na Frank Stephenson. Gari hilo lilikuwa na urefu wa mita 3.63 na uzito wa zaidi ya tani moja, ilhali la zamani lilikuwa na kilo 600 hivi. Kilichorithiwa ni jina, sura ya uso na kumbukumbu za wanunuzi. Hakuna spea ya maana inayohama kutoka gari moja kwenda lingine.

Hali ya Fiat 500 inafanana na hiyo, tena pengo lake ni pana zaidi. Gari la mhandisi Dante Giacosa lilitoka Julai 1957 likiwa na urefu wa mita 2.97 na injini ya silinda mbili iliyopozwa kwa hewa na kuwekwa nyuma. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 1975, na jina likalala kwa miaka zaidi ya 30 hadi Julai 2007, lilipopachikwa kwenye gari lenye injini ya mbele, lililojengwa juu ya mitambo ya Fiat Panda.

Anayetafuta gari lililokua hatua kwa hatua bila kukatika nasaba atazame Volkswagen Golf. Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa na mita 3.7 hivi, ya nane, iliyotoka 2019, inakaribia mita 4.3. Polo, ambayo ndiyo mdogo wake, leo ina mita 4.07, yaani inaizidi Golf ya kwanza kwa sentimita 37 hivi. Kila jina lilipopanda ngazi, kampuni ililazimika kubuni jina jingine la kujaza nafasi iliyoachwa chini: Lupo mwaka 1998, kisha Up mwaka 2011. Kwa hiyo anayelinganisha majina peke yake anaweza kudhani kwamba gari dogo limetoweka, kumbe kwa muda mrefu lilikuwa limebadilishiwa jina tu.

Dhana: Gari lililokuwa dogo kwa nje lilikuwa dogo kwa ndani

Katika dhana zote hii ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli, na kuielewa kunahitaji kurudi kwenye mgogoro wa Suez wa mwaka 1956. Mfereji ulipofungwa, Uingereza ikaanza kugawa petroli kwa kipimo, na watu wakakimbilia vigari vya umbo la kiputo vilivyokuwa vikitengenezwa Ujerumani, kikiwemo Isetta cha BMW. Leonard Lord, aliyekuwa mkuu wa BMC, kampuni ya magari ya Uingereza, alivichukia vigari hivyo na akamwagiza Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa Smyrna mwaka 1906, abuni gari dogo lililo gari kamili la kuvifukuza barabarani. Mtu anaweza kucheka kidogo akikumbuka kwamba gari lililobuniwa kuifukuza Isetta ya BMW sasa ni mali ya BMW.

Issigonis alianzia kwa abiria. Alitaka watu wanne wazima wakae, na mizigo yao iwepo, ndani ya urefu wa futi kumi, kisha mitambo itafute pa kukaa katika nafasi iliyobaki. Injini aliilaza kwa upana badala ya kuielekeza mbele na nyuma kama ilivyokuwa desturi. Giaboksi, ambayo kwa kawaida ingeongeza urefu, aliiweka chini ya injini, vyote viwili vikitumia oili moja. Rejeta ikahamia ubavuni. Magurudumu yalikuwa ya inchi 10 tu ili yasile nafasi ya miguu, na badala ya springi za chuma, Alex Moulton alitengeneza koni za mpira ambazo hazikuhitaji nafasi kubwa. Vioo vya milango vilikuwa vya kuteleza, si vya kushuka, na kwa sababu hiyo tumbo la mlango lilibaki wazi likawa mfuko wa kuwekea vitu. Matokeo yake ni kwamba asilimia 80 hivi ya eneo la sakafu ya gari ilibaki kwa ajili ya watu na mizigo. Na kwa kuwa gurudumu lilikuwa limewekwa kila pembe, gari lilishika barabara vizuri mno: Mini Cooper ilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Warithi hawakuurithi uchoyo huo wa nafasi. Mini ya 2001 ni pana na ndefu kuliko mama yake, lakini kiti chake cha nyuma hakimfanyii hisani mtu mrefu, maana sehemu kubwa ya urefu ulioongezwa imemezwa na boneti, unene wa milango na viti vyenye kujazwa. New Beetle ya mwaka 1997 ni mfano mwingine: urefu wake ulilingana karibu sawa na wa Volkswagen Beetle ya zamani, na upana ulizidi kwa sentimita zaidi ya 15, lakini paa lake lililochorwa kama upinde lilimbana kichwa abiria wa nyuma, huku mbele ya dereva ukibaki uwanja mkubwa wa plastiki usiotumika kwa lolote. Ukubwa wa nje na nafasi ya ndani ni hesabu mbili tofauti, na wachoraji wa magari yanayoiga sura za zamani wameipa sura kipaumbele.

Dhana: Sheria za usalama ndizo zilizolazimisha magari kukua

Dhana hii ina chembe kubwa ya kweli, na si haki kuipuuza. Mini ya awali ilikuwa na tangi la petroli ndani ya buti, mlango wa bati jembamba, na mbele yake hapakuwa na sehemu iliyotengenezwa ijikunje ili kumeza nguvu ya mgongano. Rover 100, gari dogo lililotokana na Metro ya mwaka 1980, lilipopimwa na Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari na kuyapa nyota, mwaka 1997 lilipata nyota moja tu kwa kumlinda mtu mzima, na kabla ya mwaka huo kwisha lilikuwa limeondolewa sokoni. Anayeota kurudishiwa magari ya mwaka 1960 jinsi yalivyokuwa anaota pia kurudishiwa vifo vyake.

Hata hivyo, kutoka kusema kwamba gari la zamani halikuwa salama hadi kusema kwamba usalama ulihitaji mita 4.4 ni kuruka hatua nyingi. Mini yenyewe iliongezewa mfuko wa hewa wa dereva na vyuma vya kuzuia mgongano wa ubavuni mwaka 1996 bila bodi yake kurefushwa. Fiat 500 ya 2007, yenye urefu wa mita 3.55, ilipata nyota tano za Euro NCAP mwaka huohuo. Ushahidi mkali zaidi ni Toyota iQ, iliyotoka 2008: urefu wake haukufika mita 3, yaani ilikuwa fupi kuliko Mini ya Issigonis, na bado ilipata nyota tano mwaka 2009, ikiwa imejaa mifuko ya hewa, mmoja ukiwa umewekwa makusudi kwenye dirisha la nyuma kwa sababu vichwa vya abiria vilikuwa karibu nalo. Ni kweli kwamba Fiat 500 ilipopimwa upya mwaka 2017 ilishuka hadi nyota tatu, lakini urefu wake haukuwa umepungua. Kipimo ndicho kilichokuwa kigumu zaidi, kikidai na vifaa kama breki zinazojifunga zenyewe.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa magari makubwa hawapendi kulitaja. Magari mawili yenye uzito tofauti yakigongana uso kwa uso, lile jepesi ndilo linalorudishwa nyuma kwa ghafla zaidi, na waliomo ndani yake ndio wanaoumia zaidi. Kwa hiyo sehemu ya usalama anaoununua mwenye gari zito anamtoza jirani yake mwenye gari jepesi, na jirani naye, akiogopa, ananunua zito. Ukuaji wa namna hiyo hauletwi na sheria. Tena sheria nyingine zilisaidia kwa njia isiyokusudiwa: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu hewa ya kaboni iliwapa watengenezaji wa magari mazito kikomo kilicholegea kuliko cha wenye magari mepesi, hivyo kupunguza kilo hakukuwa na tuzo kubwa. Kufikia mwaka 2023, wastani wa upana wa magari mapya barani humo ulikuwa umevuka sentimita 180.

Dhana: Kigari cha zamani kilikuwa safi kwa mazingira

Kilikuwa kinakunywa mafuta kidogo, jambo ambalo si sawa na kuwa safi. Fiat 500 ya mwanzo ilikuwa na injini ya cc 479 yenye nguvu za farasi 13, ikiridhika na petroli kidogo kwa sababu haikuwa na uzito wa kuvuta wala mwendo wa kujivunia. Lakini kabureta yake ilimimina mafuta kwa kukisia, haikuwa na kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wa Tanzania wanakiita masega, na petroli ya siku hizo ilikuwa na risasi, sumu ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwaka 2006. Gari la kisasa lenye uzito maradufu linatoa moshi wenye sumu kidogo zaidi kwa kila kilomita. Hasara ni kwamba uzito umekula sehemu nzuri ya maendeleo ya injini, na sasa unakula ya betri: Fiat 500 ya umeme ya mwaka 2020, yenye betri kubwa, inapita kilo 1,300.

Dhana: Wanunuzi wenyewe ndio walioyakataa magari madogo

Mini iliuzwa kwa pauni 496 na shilingi kadhaa ilipotoka. Ford waliinunua moja, wakaifungua kipande kwa kipande, na wakakadiria kwamba BMC ilikuwa inapoteza pauni 30 hivi katika kila gari. Makadirio hayo yanaonyesha tatizo ambalo halijaisha: gari dogo linahitaji usukani, breki, viti, mifuko ya hewa na vihisio kama gari kubwa, bati lililopunguzwa huokoa fedha kidogo, na mnunuzi wake ndiye anayebishania bei kuliko wote. Ndiyo maana Citroën C1 na Volkswagen Up ziliachwa kati ya 2022 na 2023, na Ford Fiesta ikazimwa Julai 2023, ingawa kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa magari yaliyouzwa zaidi Uingereza. Mnunuzi hawezi kuchagua kisichokuwepo dukani.

Japani inatoa jibu lililo wazi zaidi. Huko kuna kundi la magari liitwalo kei, ambalo tangu 1998 limewekewa mipaka ya urefu wa mita 3.4, upana wa mita 1.48 na injini ya cc 660, na mwenye gari hilo analipa kodi ndogo. Zaidi ya theluthi moja ya magari mapya yanayouzwa nchini humo ni ya kundi hilo, na Honda N-Box imekuwa mara kadhaa gari linaloongoza kwa mauzo. Kirikuu zinazobeba mbao na magunia katika miji ya Tanzania zimetoka katika ukoo huohuo, na hakuna anayeziona kuwa vichezeo.

Hata Toyota Vitz, inayojulikana sana Afrika Mashariki, inasomeka vizuri zaidi ikiwekwa mbele ya sheria hizo. Ilipochukua nafasi ya Starlet mwaka 1999 ilikuja na mita 3.61, ikiwa fupi kuliko gari iliyolirithi. Baadaye ikarefuka: mita 3.75 mwaka 2005, mita 3.88 mwaka 2010, na mita 3.94 ilipobadilishwa kuwa Yaris mwaka 2020. Upana, hata hivyo, ulifika mita 1.695 mwaka 2005 ukasimama hapohapo, kwa sababu gari likivuka mita 1.70 linasajiliwa Japani katika kundi la magari makubwa. Yaris ya 2020 inayouzwa Ulaya, ambako hakuna mpaka kama huo, imepanuliwa hadi mita 1.745.