Maneno yatangulie

Kazi yangu ni kutunga muziki wa michezo ya jukwaani inayoimbwa. Mistari huandikwa na mwenzangu. Vijana wanaokuja mazoezini hapa Nairobi huniuliza nani kati yetu huanza. Jibu langu huwashangaza, kwa kuwa halinipendelei: ukitunga kwa Kiswahili, mwenye maneno atangulie.

Marekani wamejaribu kila njia. Mtunzi wa muziki Richard Rodgers alipokuwa na mwandishi wa maneno Lorenz Hart, kwa kawaida muziki ndio uliotangulia. Alipoungana na Oscar Hammerstein, wakatoa mchezo wa Oklahoma! mwaka 1943, mambo yaligeuka akawa analetewa maneno. John Kander na Fred Ebb, waliotunga Cabaret (1966) na Chicago (1975), walikaa chumba kimoja wakatunga vyote pamoja. Kwa Kiingereza njia zote hizo zinapitika. Sisi tunabanwa na mkazo, yaani uzito wa sauti kwenye silabi moja ya neno.

Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukibandika kiambishi nyuma ya neno, nao unahama. Tulikuwa na mwenye nyumba anayemfukuza mpangaji mmoja: "Ondoka!" Noti nyepesi kwenye "o", pigo zito kwenye "ndo". Baadaye anarudi na wimbo uleule kufukuza ploti nzima: "Ondokeni!" Melodi ikibaki ilivyo, uzito unaangukia "ndo" tena, na mwigizaji anasikika kama mgeni aliyetua uwanja wa ndege wa JKIA jana. Neno halikuwa la kubadilishwa, hadithi yote inasimama hapo. Basi nikaongeza noti moja kabla ya pigo, ili uzito ufike kwenye "ke". Kwa kweli ikapendeza kuliko mwanzo: mzee anasikika ana haraka, hasira imemzidi.

Ngumu zaidi ni mwisho wa mstari. Watunzi tuliokulia kwenye nyimbo za Kiingereza tunapenda kumaliza juu, noti ndefu, pigo zito. Lakini karibu kila neno la Kiswahili linaishia kwa silabi isiyo na mkazo. Ukiivuta "ni" ya "nyumbani" kwa mapigo manne, unavuta mahali ambapo msemaji huwa ameshanyamaza. Mimi huvuta "ba", kisha "ni" nikaiangusha fupi. Sheng, lugha ya mtaani, hutuokoa mara kwa mara, kwani "mat" (matatu) na "doh" (pesa) ni silabi moja moja na zinakubali kupigwa nyundo mwishoni. Ila huwezi kumpa nyanya wa Lamu mistari ya makanga ili tu noti yako ipate pa kutua.

Halafu kuna irabu. Juu kabisa ya sauti, "a" hufunguka. "I" na "u" humkaba mwimbaji. Mama muuza mboga alikuwa na kilele chake kwenye neno "mvua", na "vu" ile ilimtesa. Nikaomba tuweke "radi". Mwenzangu akakataa kabisa: mama huyu haogopi radi, anaogopa mboga zake kuloa na wateja kukimbilia matatu. Nikaishusha noti. Nadhani ugomvi wa aina hii ndio kazi yenyewe, na ukimwona mtunzi na mwandishi wasiowahi kurudishiana mstari, chunguza, huenda mmoja wao ameacha kusikiliza.

Mnayopaswa kukubaliana kabla ya mazoezi ya kwanza yaandikwe. Gawio la kila mmoja, jina la nani litatangulia kwenye bango, na nani ana neno la mwisho mwongozaji akitaka kukata ubeti. Sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya muziki kwa miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na kazi ikiwa ya pamoja huhesabiwa tangu kifo cha wa mwisho. Kwa hiyo siku moja wajukuu wenu watakuwa wakigawana pesa za wimbo mlioumaliza mkigombania "mvua", na makubaliano ya mdomo kwenye kibanda cha chai hawatakuwa na pa kuyasoma.