Mbio Pekee Hazimpeleki Kijana Ufaransa

Nimetumiwa tena video ya winga wa raga wa shule, yaani mchezaji wa pembeni. Kijana anakata pembeni, simu inatikisika, mashabiki wanapiga kelele, trai, mpira umeguswa chini nyuma ya mstari wa mpinzani! Chini yake mjomba ameandika: "Kocha, huyu ana mbio za hatari, mtafutie timu Ufaransa." Video hiyo ina sekunde 11. Ndugu zangu, sekunde 11 hazitoshi hata kumjua mtu wa kumkopesha baiskeli.

Najua imani hii ilikotoka. Sisi Wakenya raga tuliijua kwa timu ya wachezaji saba. Aprili 2016 tuliifunga Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore, na mwezi uliofuata, London, mwenzetu Collins Injera akaipita rekodi ya trai 230 ya Santiago Gómez Cora wa Argentina. Alimaliza na 279. Basi kila mwenye mbio akaonekana Injera. Ila mtazameni vizuri: mara ngapi alikuwa tayari begani kwa mwenye mpira kabla pasi haijafikiriwa? Na mara ngapi mkabaji mmoja alishindwa kumwangusha? Najua mtanitajia Carlin Isles, Mmarekani aliyetoka riadha. Sawa, lakini naye jina alilijengea kwenye saba.

Uwanja wa saba ni ule ule wa 15, ila watu hawafiki nusu, na kila kipindi ni dakika 7. Nafasi imejaa tele. Mkataba wa Top 14 au Pro D2, ligi za kulipwa za Ufaransa, ni wa raga ya 15, dakika 80, na nafasi unaitengeneza kwa kugongana. Kwa hiyo mimi video yenu naisimamisha pale mbio zinapokwisha. Akiangushwa, mpira anaulaza mbali na mwili, upande wa wenzake, au anaukumbatia hadi refa apulize? Anainuka, au anakaa kuangalia kama msichana wa Form Three ameona? Mwenzake akiangushwa, anaingia raki, pale wanaposukumana juu ya mpira ulio chini, mgongo ukiwa sawa, bega likiwa chini kuliko la mpinzani, miguu ikiendelea kusukuma? Na akimkaba mtu kutoka ubavuni, kichwa anakiweka nyuma ya makalio ya mwenye mpira, au mbele yake ambapo goti litamzimisha? Hilo la kichwa nalirudia kila mazoezi, na bado kuna mzazi ananiambia "hayo atajifunza huko huko." Huko huko hawamfundishi, wanamrudisha.

Halafu kuna umri. Klabu za Ufaransa zinabanwa ziwe na idadi ya wachezaji waliolelewa katika mfumo wao. Kijana wa miaka 18 akiingia kituo cha mafunzo anaweza, baada ya misimu kadhaa, kuhesabiwa kama wao. Wa miaka 24 ni mgeni tu, lazima amzidi mwenyeji waziwazi. Ndiyo maana mimi namtaka kijana mapema kwenye Chipu, timu ya Kenya ya chini ya miaka 20. Ile iliyowafunga Namibia 21-18 Nairobi mwaka 2019 ilienda kucheza Brazil, na mashindano ya namna hiyo maskauti huyatazama.

Na mbona hamniletei propu, yule mzito wa mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinaposukumana kugombea mpira? Kikosi cha mechi kikiwa na wachezaji 23, sheria inataka sita wawe wanaoweza kusimama mstari huo wa mbele. Mawinga wanaoanza ni wawili. Piga hesabu mwenyewe. Lakini kijana mnene tunamcheka, tunampeleka kurusha tufe.

Kuna mambo yananisumbua, na vitabu vyenye majedwali havijanisaidia. Sina hakika ni chuma kiasi gani mvulana wa miaka 16 abebe. Nimeona walioharakishwa wakaharibika magoti, na waliocheleweshwa wakasukumwa kama viti. Nawakataza wanafunzi kuikimbilia saba, huku nikijua saba ndiyo inayoonyeshwa kwenye televisheni. Na kupenda kugongana sijui kukupima. Wapo waliong'ara mazoezini, kisha siku ya mvua, matope hadi magotini, wakaanza kutafuta mstari wa pembeni.

Kwa hiyo nitumieni dakika 20 za mwisho za mechi nzima, bila kukata, mchukuaji akimfuata kijana hata asipokuwa na mpira. Na kama ana kaka wa kilo 110 anayekaa nyumbani kwa aibu, mleteni huyo kwanza.