Je, wajua kwa nini duka la nguo za kifahari huchagua mtaa na taa kwa makini kama linavyochagua kitambaa?

Simama kidogo kwenye duka la vitenge Kariakoo na utamsikia mama akimwambia muuzaji, "Hebu nitoke nacho nje nikione vizuri." Ana haki. Rangi inayoonekana chini ya taa ya dukani siyo itakayoonekana juani, na yeye atakivaa juani. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, mshonaji mmoja wa Paris alilielewa jambo hilohilo, ila akaligeuza: badala ya kumtoa mteja nje, aliuingiza usiku ndani ya duka.

Mshonaji huyo ni Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua duka namba 7, rue de la Paix, mwaka 1858. Wateja wake wakubwa walikuwa wanawake wa dansi za ikulu, na dansi hizo zilichezwa usiku chini ya mishumaa na taa za gesi. Mwanga wa gesi una unjano. Bluu iliyokupendeza saa nne asubuhi, ukiipeleka chini ya taa hiyo inafifia, inachanganyika na kijani, na gauni la pesa nyingi linakuangusha mbele ya watu. Basi Worth akatenga chumba kimoja, akazuia mwanga wa mchana usipenye, akawasha taa za gesi, akazungusha vioo. Mteja aliingia humo na gauni mwilini na kujiona kama ambavyo wenzake wangemwona usiku ule. Kwangu mimi, siri ya maduka ya aina hii imo ndani ya chumba kile. Mteja hakulipia tu gauni lililo mbele yake. Alilipia usiku atakaolivaa.

Mtaa nao ulifanya kazi yake. Rue de la Paix unaanzia kwenye uwanja wa Place Vendôme, na Ikulu ya Tuileries, alikoishi Kaizari Napoleon III na mkewe Eugénie, ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale. Eugénie alipokuwa mteja wa Worth, wengine wakafuata. Kisha wafanyabiashara nao wakasogea: mbunifu wa mavazi Jeanne Paquin akafungua duka namba 3 mwaka 1891, hoteli ya Ritz ikafunguliwa Place Vendôme mwaka 1898, na mwaka uliofuata wauza vito Cartier wakahamia namba 13, rue de la Paix. Hakuna aliyeogopa kukaa karibu na mshindani. Wauza kanga wa Biashara Street, Mombasa, wanalijua hilo vizuri: mteja aliyekuja kwa jirani yako, kwako atapita.

Gabrielle Chanel, mbunifu wa mavazi anayejulikana zaidi kama Coco, naye alijua kuwafuata wateja walipo. Mwaka 1913 alifungua duka Deauville, mji wa pwani walikopumzikia matajiri, na Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka uliofuata wengi wao wakakimbilia hukohuko, duka likashamiri. Mwaka 1918 akajiimarisha namba 31, rue Cambon, Paris. Mlango wa nyuma wa Ritz unatokea mtaa huohuo, kwa hiyo mgeni wa hoteli alivuka barabara tu akawa kwa Chanel.

Ndani kuna ngazi iliyopinda, ukuta wake umepambwa kwa vioo virefu vyembamba vilivyoungwa pembe kwa pembe. Mwanamitindo akishuka, kila kioo kinamchukua kwa upande wake, na mtu mmoja anaonekana kama kundi zima linateremka. Siku za maonyesho, Chanel mwenyewe alikaa juu kwenye vidato vya ngazi hiyo. Walioketi chini hawakumwona. Yeye, kupitia vioo, aliona nguo zikipita na nyuso za wateja zikizitazama, akajua papo hapo gauni lipi limewaingia moyoni.